Jibu: Leseni ikiwa ukutani, vifaa vya saluni ni salama?
Dada, umeuliza kama leseni iliyobandikwa ukutani inatosha kukuhakikishia kwamba vifaa vya saluni ni salama. Haitoshi. Inaonyesha tu kwamba siku ya ukaguzi mambo yalikuwa sawa. Mkaguzi hayupo pale fundi anapochovya mkasi wa kucha kwenye spiriti mara moja na kumgeukia mteja anayefuata.

Kanuni nyingi zinataka kifaa kioshwe kwanza kwa sabuni na brashi, ndipo kilowekwe kwenye dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Uchafu ukibaki, dawa haifiki kwenye chuma. Kinachotoboa ngozi kiwe kipya, au kipite kwenye otoklevu, yaani mashine ya mvuke wenye mgandamizo, kwa nyuzi 121 hivi. Kile kisanduku chenye taa ya zambarau kisikuzuge; hakichukui nafasi ya hatua hizo. Na kwa kuwa virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili angalau siku 7, "hakijatumika tangu jana" si hoja.

Beseni la miguu ndilo linalosahaulika. Mwaka 2000 huko California, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja walitokwa na majipu miguuni. Bakteria walikutwa kwenye nywele na ngozi zilizoganda nyuma ya kichujio cha beseni. Walionyoa miguu kabla ya kwenda walikuwa hatarini zaidi. Kwa hiyo usinyoe siku hiyo, na omba pakiti ya vifaa ifunguliwe mbele yako. Fundi akinuna, nyanyuka.