Kamanda hakuigusa sanamu: sheria itamfikiaje?

SWALI: Salaam wakili. Nafundisha historia kidato cha tatu hapa Mombasa, upande wa Tudor. Wiki iliyopita darasani tulizungumzia Makumbusho ya Taifa ya Sudan, yaliyoporwa Khartoum wakati wa vita. Niliwaambia wanafunzi kwamba mwizi ni askari aliyebeba, na kwamba kamanda aliyekuwa mbali hawezi kushtakiwa kwa kitu ambacho mkono wake haukukigusa. Kijana mmoja akanipinga mbele ya wenzake, akasema mkubwa ndiye wa kwanza kujibu. Nani kati yetu ana haki? La pili ndilo linaloninyima usingizi. Jirani yangu ameuziwa bakuli la udongo, jekundu, jembamba sana, mdomo wake mweusi. Muuzaji alimwambia limetoka Sudan. Chini yake pana mahali palipokwaruzwa. Afanye nini?

JIBU: Mwalimu, kwa sheria ilivyoandikwa kijana wako ana haki. Wewe nawe umesema tunayoyaona kila siku, kwa sababu wakubwa wengi hawajafikishwa popote. Mwambie umekosea, kisha mueleze kwa nini kosa lako linaeleweka.

Mkataba wa Roma ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, ICC, ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2002, na Kenya iliuridhia Machi 2005. Kifungu cha 8 kinahesabu uporaji kuwa uhalifu wa kivita, vita viwe baina ya nchi mbili au ndani ya nchi moja. Kinachomgusa kamanda ni kifungu cha 28. Mwendesha mashtaka anatakiwa kuthibitisha mambo matatu. Askari walikuwa chini ya udhibiti wake wa kweli, yaani akisema "acheni" wanaacha. Alijua wanachokifanya, au kwa hali ilivyokuwa alipaswa kujua. Na hakufanya yote yaliyokuwa ndani ya uwezo wake kuwazuia, kuwaadhibu, au kuwapeleka kwa wenye mamlaka ya kuwachunguza. Soma tena hayo matatu: hakuna hata moja linalouliza kama alishika kitu.

Kwa kiongozi wa kiraia, waziri kwa mfano, kipimo kimepanda kidogo. Haitoshi "kupaswa kujua". Lazima ijulikane kwamba alijua, au taarifa zilimfikia naye akazipa kisogo kwa makusudi. Ndiyo maana wanasiasa wa vita hupenda kusema wao hawavai magwanda.

Mfano ninaoutumia mara nyingi ni wa Jenerali Pavle Strugar. Tarehe 6 Desemba 1991 vikosi vya jeshi la Yugoslavia vilivyokuwa chini yake viliupiga kwa makombora Mji wa Kale wa Dubrovnik, ulioko pwani kama Mvita, wenye kuta za mawe kama zetu. Mahakama ya kimataifa iliyoundwa kwa ajili ya vita vya Yugoslavia haikuona kwamba yeye ndiye aliyeamuru mji ule upigwe. Ilimtia hatiani mwaka 2005 kwa sababu hakuchukua hatua za kutosha kuwazuia askari wake, na baadaye hakumuadhibu yeyote. Alifungwa miaka 8, rufaa ikapunguza hadi saba na nusu. Hiyo ilikuwa kesi ya kuharibu, si ya kuiba, lakini kanuni ya wajibu wa mkubwa ni ile ile.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana kijana wako asije akadhani mambo ni rahisi. Jean-Pierre Bemba wa Kongo alihukumiwa na ICC mwaka 2016 kwa makosa ya wapiganaji wake Jamhuri ya Afrika ya Kati, uporaji ukiwamo. Alipewa miaka 18. Juni 2018 majaji wa rufaa, kwa wingi wa kura, wakamwachilia. Walisema mahakama ya kwanza haikupima vizuri ugumu wa kamanda aliyekuwa nchi nyingine, wala hatua alizozichukua. Sisi tunaofanya kazi hii tuliisoma hukumu ile kwa uchungu mkubwa. Tangu hapo, kila mwanasheria anayemtetea kamanda huanza na maneno mawili: alikuwa mbali.

Kuna kinga pia. Kifungu cha 27 cha mkataba kinasema urais si ngao, na katiba yetu ya 2010, kifungu cha 143(4), inakubaliana nacho: kinga ya rais wa Kenya haifiki kwenye makosa ambayo mkataba tuliouridhia unakataza kinga juu yake. Lakini tarehe 27 Agosti 2010, siku katiba hiyo ilipozinduliwa Uhuru Park, Omar al-Bashir, rais wa Sudan wakati huo, alikuwa miongoni mwa wageni waalikwa. ICC ilikuwa imeshatoa hati ya kumkamata tangu Machi 2009, na uporaji huko Darfur, magharibi mwa Sudan, ulikuwa ndani ya mashtaka yake. Alirudi kwao salama. Mahakama Kuu mwaka 2011 iliamuru akamatwe akikanyaga tena nchini, na Mahakama ya Rufaa mwaka 2018 ikakubali kwamba serikali ilikiuka wajibu wake. Sheria tulikuwa nayo siku ile, na watu wa kuitekeleza walikuwapo.

Tuje Khartoum. Makumbusho yale yalifunguliwa mwaka 1971 karibu na ukingo wa Nile ya Buluu, na uani mwake mlijengwa upya mahekalu ya kale kutoka Nubia yaliyohamishwa yasimezwe na maji ya bwawa la Aswan. Vita vilizuka tarehe 15 Aprili 2023, na eneo lile likashikwa na wapiganaji wa RSF, kikosi cha wanamgambo kinachopigana na jeshi la Sudan. Jeshi liliporudi hapo Machi 2025, kumbi na ghala zilikutwa zimeporwa. Nani hasa alibeba nini, na kwa amri ya nani, hilo ni la ushahidi, na sitalitamka hapa kana kwamba limeshathibitishwa.

Kikwazo cha kwanza ni mamlaka. Sudan si mwanachama wa Mkataba wa Roma. ICC ina nguvu huko kwa sababu tu Baraza la Usalama, kwa azimio namba 1593 la mwaka 2005, liliikabidhi mahakama hali ya Darfur. Khartoum haimo ndani ya Darfur. Kwa hivyo mtu anaweza kuitwa The Hague, makao ya ICC, kwa soko lililoporwa El Geneina, mji wa Darfur, lakini asiitwe kwa jumba la makumbusho la mji mkuu. Mwalimu, hili linaniuma, na sijazoea kulieleza bila kuumia.

Njia iliyobaki ni mahakama za nchi nyingine, na hapa sisi tumo. Sheria yetu ya Uhalifu wa Kimataifa ya mwaka 2008 imeingiza makosa ya Mkataba wa Roma ndani ya sheria za Kenya, na inaruhusu kumshtaki mtu wa nchi yoyote, kwa kosa la kivita lililotendwa popote, mradi baada ya kosa awepo Kenya. Wakubwa wa vita hivi hupita hapa. Februari 2025 RSF na washirika wao walitia saini hati yao ya kisiasa Nairobi. Simhukumu yeyote aliyekuwa ukumbini mle. Nasema tu kwamba mlango wa sheria upo, na ufunguo anao Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Kikwazo cha pili hakisemwi sana, nacho ndicho kinacholiunganisha bakuli na kamanda. Ili wizi wa vitani uitwe uporaji mbele ya ICC, lazima ithibitishwe kwamba aliyechukua alikusudia kumnyima mwenye mali, na kukichukua kitu kwa matumizi ya binafsi. Kamanda hujibu kwamba walivichukua kuviokoa na moto. Unamvunja vipi? Kwa kuonyesha kitu chenyewe kimeuzwa. Na unathibitisha vipi kwamba kilichouzwa ni kile kilichokuwa rafuni? Kwa daftari.

Nikiwa wakili kijana niliwahi kukaa asubuhi nzima ndani ya ghala la makumbusho, nikimtazama mama mmoja anayesajili vitu. Alikigeuza kigae cha chungu juu chini kwenye mto mdogo wa pamba. Akapaka mstari wa vanishi isiyo na rangi, mfupi kuliko ukucha, akaungoja ukauke. Juu yake akaandika nambari kwa wino mweusi, herufi ndogo hata mimi nikainamisha kichwa kuzisoma, kisha akafunika kwa vanishi nyingine. Ndipo akafungua daftari: nambari, urefu na upana kwa milimita, rangi, mahali kilipochimbwa, "ufa upande wa kushoto, pengo dogo mdomoni". Nikamuuliza kwa nini aandike pengo. Akanijibu, "Nambari wataifuta, mwanangu. Pengo hawawezi kulifuta."

Jibu hilo nimelibeba mahakamani miaka yote. Nuremberg, walikoshtakiwa wakubwa wa Kinazi wa Ujerumani, mwaka 1946 Alfred Rosenberg alihukumiwa kifo, na miongoni mwa makosa yake ilikuwa kuongoza uporaji wa majumba ya makumbusho, maktaba na nyumba za watu katika nchi za Ulaya zilizovamiwa. Alikuwa mwanasiasa, hakuwa mpagazi wa kubeba michoro. Kilichomzamisha kilitoka ofisini kwake mwenyewe: watu wake walipiga picha walichoiba na kuzipanga kwa ajili ya wakubwa, na waendesha mashtaka wakaziweka albamu 39 mezani. Na Paris, ndani ya jumba la Jeu de Paume, Wanazi walikokusanya walichopora, mfanyakazi mmoja, Rose Valland, aliandika kwa siri miaka ya vita masanduku yanakopelekwa. Bila madaftari yake, vingi visingerudi.

Karibu na nyumbani, kuna habari ya vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu, vya mzee mmoja wa Kigiryama. Vigango si mbao tu. Ni marehemu waliosimamishwa, na ukiking'oa kimoja umeing'oa familia. Mwaka 1985 mtafiti alimpiga mzee huyo picha amesimama kando ya vigango viwili vya nduguze. Havikukaa, viliibwa. Miaka mingi baadaye vikaonekana Marekani, kila kimoja katika makusanyo ya chuo tofauti, na mwaka 2007 vikarejeshwa Kenya. Hakuna aliyeweza kubisha, kwa sababu picha ipo. Vigango vingine vingi vilivyotoka Pwani wakati ule havikuwa na picha, na mapambano yao yamekuwa marefu mno.

Wanafunzi watakuuliza kuhusu Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo iliyochukuliwa na Waingereza mwaka 1902 na iliyoko hadi leo kwenye British Museum. Hiyo haiingii kwenye kesi ya jinai: waliochukua wamekufa, na ICC haigusi kitu kabla ya Julai 2002. Ni dai la urejeshaji, na linagonga sheria ya Uingereza ya mwaka 1963 inayowabana wadhamini wa makumbusho yale wasitoe vitu vyake. Wapokomo wana haki ya ngoma yao, nami nalisema hilo bila kusita, ila njia yake ni nyingine.

Sasa bakuli. Udongo mwekundu, mwembamba, mdomo mweusi: maelezo hayo yanalingana na vyombo vya Kerma, ufalme wa kale wa Sudan, vya zaidi ya miaka 3,500, vinavyojulikana kwa wembamba wake. Yanalingana pia na nakala nzuri za kutengenezea watalii, kwa hivyo mtu asihukumu kwa barua. Kinachonishtua ni ule mkwaruzo wa chini. Nakala haina sababu ya kukwaruzwa pale. Chombo chenye nambari kinayo.

Jirani yako asiliuze, asilirudishe dukani, asilitoe zawadi. Kwa leo hana kosa, ikiwa alinunua bila kujua. Lakini kifungu cha 322 cha Kanuni za Adhabu kinamwadhibu anayeshika mali ya wizi akijua au akiwa na sababu ya kuamini ni ya wizi, kifungo hadi miaka 14, na kuanzia siku anayosoma jibu hili sababu ya kuamini anayo. Asiende kugombana na muuzaji. Huyo anaweza kuwa shahidi, na shahidi aliyetishwa hufunga duka la Ndia Kuu usiku akapotea.

Alipige picha mchana, kivulini, rula ikiwa kando: juu, ubavuni, chini, na kila ufa. Aandike siku hiyo hiyo alinunua lini, wapi, kwa shilingi ngapi, muuzaji alisema nini kwa maneno yake mwenyewe, na risiti kama ipo. Kisha alipeleke ofisi za makumbusho Fort Jesus, akiwa na wakili, na adai karatasi ya kupokelewa yenye tarehe na sahihi. Kama atakuja kwangu kwanza, nitamsindikiza, na sitamtoza kitu.

Na asilioshe, mwalimu. Chini ya mkwaruzo huo huenda wino umebaki kwenye vitundu vya udongo, nusu ya tarakimu au mkia wa herufi, na mtaalamu akiwa na taa ya pembeni na lenzi anaweza kuusoma. Alifunge kwa leso kavu, mdomo ukiwa juu, alibebe mapajani, si kwenye buti la gari.