Kwa Fundi Anayeanza Kufunga Sola ya Nyumbani Iliyounganishwa na Gridi

Ukiitwa kupima nyumba, usianze na paa. Omba kwanza kuonyeshwa mita, kisha uliza ni nani hushinda nyumbani mchana. Nyumba ambayo watu wote huondoka alfajiri na kurudi jioni, ikaachiwa friji na ruta, haiwezi kumaliza umeme wa inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) ya kilowati 5 saa 6 mchana. Umeme unaobaki huenda kwenye gridi, yaani nyaya za kampuni ya umeme, na kwa kanuni za Kenya za mwaka 2024, mteja mwenye mkataba na kampuni hiyo wa kutoa umeme huhesabiwa nusu tu ya kila uniti aliyoitoa. Hivyo uniti iliyopiga pasi au kusukuma maji mchana ina manufaa maradufu ya ile iliyotoka nje, na mara nyingi mfumo mdogo ndio unaomfaa mwenye nyumba, hata kama fundi atapata faida ndogo zaidi.

Pasipo mkataba, inveta ipangwe isitoe umeme nje kabisa, kwa kuwa baadhi ya mita za tokeni huhesabu umeme unaotoka kana kwamba unaingia, na mteja akajikuta analipia jua la paa lake mwenyewe. Mpangilio huo hutegemea CT, kile kibanio cha kupima mkondo kinachofungwa kwenye waya wa laivu unaotoka kwenye mita. Kina mshale, na ukikigeuza, inveta husoma kinyume. Zima upande wa paneli, washa birika la kilowati 2 na utazame skrini: umeme unaochukuliwa kutoka kwenye gridi unapaswa kupanda kwa kiasi hichohicho.

Mweleze mteja kabla hajalipa, tena kwa maandishi, kwamba mfumo usio na betri huzimika umeme wa gridi unapokatika, hata jua likiwa kali, ili usimdhuru fundi anayetengeneza nyaya nje.

Mwelekeo wa paa usikuhangaishe sana, kwani karibu na ikweta mteremko wa nyuzi 10 hivi hutosha, mradi mvua iweze kuosha vumbi. Kivuli cha tangi la maji ndicho cha kuogopwa, na zaidi yake umeme wa DC, yaani wa mkondo mnyoofu unaotoka kwenye paneli: paneli kumi za wati 550 zilizounganishwa kwa mfululizo zinaweza kuzidi volti 400, na cheche yake haizimiki upesi kama ya AC, umeme wa kawaida wa nyumbani. Usichomoe kiungio mkondo ukiwa unapita, wala usitumie breka ya AC upande huo. Kwa Kenya, mifumo ya gridi huhitaji leseni ya fundi wa sola ya daraja la T3. Usipokuwa nayo, fanya kazi chini ya aliye nayo.