Bei ya ukaguzi wa nishati: hesabu siku, si ghorofa

Ukianza kazi ya ukaguzi wa nishati hapa Kenya, simu nyingi zitakuwa hivi: "Tuna jengo la ghorofa sita, mnatoza ngapi?" Usitaje bei. Omba kwanza bili za umeme za miezi 12.

Kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 zililenga majengo na viwanda vinavyotumia kWh (uniti za umeme) 180,000 au zaidi kwa mwaka, yaani wastani wa 15,000 kwa mwezi. Mteja akiwa chini ya hapo, mwambie kwamba kanuni hizo hazimlazimishi kukaguliwa, hata kama kazi itakuponyoka. Akiwa juu, anahitaji mkaguzi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, na ripoti kila baada ya miaka mitatu. Halafu shuka kwenye mistari ya bili yenye kVA (kilele cha mzigo wa umeme) na pawa fakta (kipimo cha sehemu ya mzigo huo inayofanya kazi kweli). Kama anatozwa nyongeza kwa sababu pawa fakta imeanguka chini ya 0.9, jua utafunga kifaa cha kurekodi kwenye swichi kuu, pengine kwa wiki nzima, na wiki hiyo lazima ionekane kwenye kwotesheni.

Bei inatokana na siku za watu, yaani idadi ya watu mara siku watakazofanya kazi. Ofisi yenye taa, kompyuta na AC za ukutani huenda ukaimaliza kwa siku moja. Hoteli ya ukubwa uleule kule Nyali, Mombasa, ni habari nyingine: boila ya dizeli, vyumba vya baridi, mashine za dobi, pampu za bwawa, jenereta, na fundi mwenye ufunguo wa chumba cha swichi yuko zamu ya usiku. Vinavyotumia umeme vyote vinasomwa na mita moja, kwa hiyo kila mtambo itabidi uupime peke yake. Michoro ya umeme ikikosekana, na mara nyingi hukosekana, ongeza siku ya kufuatilia nyaya. Ripoti nayo hula muda kuliko saiti. Wakaguzi wageni wengi husahau kuitoza.

Utawakuta wanaokagua bure. Aghalabu wanauza taa za LED au kapasita (vifaa vya kuinua pawa fakta), na ripoti zao, ajabu, hupendekeza taa za LED au kapasita. Usishushe bei kushindana nao. Mkumbushe mteja kwamba kanuni hizo zinamtaka atimize angalau nusu ya akiba ya nishati iliyopendekezwa kwenye ripoti ndani ya miaka mitatu, kwa hiyo namba zilizotiwa chumvi zitamrudia yeye. Ndiyo maana pia sipendi malipo ya asilimia ya akiba: yanakupa sababu ya kuvimbisha namba.

Chukua malipo ya awali kabla ya kufunga vifaa, sehemu kubwa ukikabidhi rasimu, kiasi kidogo mwishoni. Andika wazi kwamba VAT ya 16% haimo. Mteja naye atakata kodi ya zuio ya 5%, anayoipeleka KRA kwa niaba yako: kazi ya shilingi 300,000 itakuachia 285,000 mkononi. Lipa mafundi kwa hesabu hiyo, na ufuatilie cheti cha zuio mapema, kabla mhasibu wao hajaenda likizo.