Kwa wewe uliyekabidhiwa kongamano la kanda

Ukishatangazwa kuwa mratibu wa kongamano la kuwanoa walimu wa Biblia wa makanisa yetu, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: mhubiri mgeni ni nani? Maaskofu watakuuliza, viongozi wa kwaya watakuuliza, hata akina mama wa jikoni watataka kujua. Usikimbilie kujibu. Swali ambalo miaka ya kazi hii Kanda ya Ziwa imenifundisha kulitanguliza ni jingine: walimu hawa wakisharudi makwao, watakutana na nani, wapi, na lini? Kongamano lisilo na jibu hapo litakuwa na nyimbo nzuri na mahubiri mazito, watu wataombewa na kutokwa na machozi, kisha mwalimu wa kipaimara kule Ngara ataendelea kufundisha vilevile alivyofundisha mwaka jana.

Historia ya kwetu inalionyesha jambo hili vizuri. Uamsho wa Afrika Mashariki, ule mwamko wa kiroho makanisani uliotoka Gahini, Rwanda, ulikuwa na mikutano mikubwa, na ule wa Kabale, Uganda, wa mwaka 1935 unakumbukwa mpaka leo. Lakini mikutano peke yake isingeufikisha Bukoba na kwingineko. Nyuma yake palikuwa na vikundi vya ushirika vilivyokutana kila juma, watu wachache wakisoma Neno, wakiungama na kuonyana kwa majina. Wengi wa waliobeba kazi hiyo hawakuwa wachungaji. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa Askofu wa Kigezi mwaka 1972, alikuwa kwanza mwalimu wa shule, na kwa miaka mingi alifundisha Dodoma.

Mbali na hapa, Guatemala, chuo cha theolojia cha Wapresbiteri kilifikia hitimisho linalofanana mwaka 1963. Viongozi halisi wa makanisa ya vijijini walikuwa watu wazima wenye mashamba na familia, wasioweza kuhamia chuoni. Basi walimu ndio waliowafuata: wanafunzi walisoma nyumbani, na kila juma wakakutana na mwalimu katika kituo cha jirani. Ndio mwanzo wa elimu ya theolojia kwa njia ya enezi, ambayo makanisa yetu mengi yaliipokea baadaye. Kongamano lako liwe mlango wa kuingilia katika mpango wa namna hiyo. Likisimama peke yake, ni tamasha.

Sasa, nani aalikwe? Barua ikienda ofisini bila maelezo, watakuja walewale wanaokuja kila mara, kwa sababu ndio wanaojulikana. Omba majina kwa kazi: nani anafundisha shule ya Jumapili, nani anafundisha kipaimara, nani yuko darasani katika chuo cha Biblia. Katika KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), kwa mfano, usharika mmoja una mitaa kadhaa, na mchungaji hawezi kuwa kote kila Jumapili. Mtaani anayesimama mbele ya watu ni mwinjilisti. Huyo usimkose. Tena usimwite mtu mmoja mmoja. Waje wawili kutoka mahali pamoja, ili mmoja akichoka mwenzake amkumbushe. Na kwa kuwa walimu wa shule ya Jumapili wengi ni akina mama, tafuta chumba na mtu wa kuangalia watoto kabla hujatafuta vipaza sauti. Mama mwenye mtoto mgongoni anayeingia na kutoka kila dakika kumi hajahudhuria, ingawa jina lake liko kwenye mahudhurio.

Ndani ya siku zenyewe, pigania jambo moja: kila mshiriki afundishe. Chagueni kitabu kimoja kifupi cha Biblia mkae nacho mpaka mwisho. Mimi napenda Ruthu. Kina sura 4 na mistari 85, na mkulima anaielewa habari ya kuokota masazo shambani bila kuelezwa. Asubuhi mwezeshaji afundishe sehemu moja mbele ya wote. Baadaye wagawanyike watu wanane wanane, kila mmoja afundishe kwa dakika kumi na tano, wenzake wamsikilize na kumuuliza.

Hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Kijana aliyemaliza chuo juzi, aliyemwamkia mzee shikamoo asubuhi, atamsahihishaje mbele ya watu jioni? Hatamsahihisha. Atanyamaza, na mzee atarudi nyumbani na kosa lake. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuwapa wote swali moja la kuuliza, wakubwa kwa wadogo: hilo umelipata mstari gani? Mwalimu akisema Elimeleki alikufa kwa sababu ya dhambi ya kuhamia Moabu, mdogo wake anaweza kusema kwa heshima zote, "Baba mchungaji, naomba unionyeshe mstari." Watafungua pamoja Ruthu 1:3 na kukuta imeandikwa tu kwamba alikufa. Hakuna aliyevunjiwa heshima, maana Andiko ndilo lililosema. Na mwezeshaji aulizwe swali hilo wa kwanza, hadharani, siku ya kwanza. Wakimwona anashukuru na kurekebisha, wazee watalegea.

Usidhani hili ni jambo dogo la darasani. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Sisemi swali moja lingewaokoa wote. Nasema muumini aliyezoea kuuliza mstari, na aliyemwona mchungaji wake akiulizwa bila kukasirika, ana kinga ambayo mwingine hana.

Walimu wa vyuo vya Biblia uwatengee vipindi vyao, kwa sababu shida yao ni nyingine. Maandiko wanayajua. Wanachofanya wengi ni kusoma notisi huku wanafunzi wakinakili, jinsi wao wenyewe walivyofundishwa, na darasani wana aliyeishia darasa la saba ameketi na aliyemaliza kidato cha sita. Wafundishwe kutunga maswali, kutumia wanafunzi wenye uwezo kuwasaidia wenzao, na kutoa mtihani unaopima kama mtu anaweza kufundisha fungu la Maandiko mtaani.

Mengine nitayapitia haraka. Kwetu wakati mzuri ni mwishoni mwa Juni: mavuno yamepita, barabara ni kavu, na shule zikifungwa mabweni hupatikana. Utambulisho wa wageni umalizike jioni ya kwanza, la sivyo utakula asubuhi zote. Vitini vichapishwe, kwa sababu wainjilisti wengi wana kiswaswadu na faili la simu haliwafikii. Kama kuna mwezeshaji kutoka nje ya nchi, suala la kibali lifuatiliwe Uhamiaji mapema. Posho iseme wazi tangu kwenye barua: nauli inarudishwa au hairudishwi, basi. Sharika zichangie mahindi na maharage, na siku ya kufunga usome mapato na matumizi mbele ya wote, mpaka shilingi ya mwisho.

Kuhusu cheti, uwe mkweli. Cheti cha kuhudhuria si cheti cha chuo kinachotambuliwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, na mtu asiondoke akidhani vinginevyo. Washiriki wa Ngara na Karagwe wataleta habari za jirani zetu wa Rwanda, ambako sheria ya mwaka 2018 iliwataka viongozi wa makanisa wawe na elimu ya dini ya ngazi ya shahada, na waliokuwa kazini wakapewa miaka 5 kutimiza. Wapo wanaoingiwa na hofu wakisikia hivyo. Waeleze njia halali za kusoma zilizopo, na ada zake, bila kuwauzia ndoto.

Kabla watu hawajapanda basi, wapange katika vikundi kwa kufuata njia wanayosafiria, wasiofikia kumi, kila kikundi na kiongozi wake na tarehe ya kwanza ya kukutana ikiwa imeshaandikwa. Kundi la WhatsApp litajaa salamu na picha za maua, usilitegemee. Panga safari ya kuwatembelea ndani ya wiki sita. Ukifika, usihubiri. Kaa nyuma, msikilize mmoja akifundisha, mwombe daftari lake la maandalizi mlipitie pamoja, kisha umuulize ni kipi katika kazi yake hakukijua hata baada ya kongamano. Majibu hayo yaandike. Kamati ikiketi kupanga mwaka unaofuata, yasomwe kabla ya kutajwa jina la mhubiri yeyote.