Kolonoskopi ya panya: kufunga chakula peke yake hakusafishi utumbo

Mkuu, unasema uliwanyima panya chakula usiku kucha, asubuhi kamera ya kolonoskopi (uchunguzi wa utumbo mpana kupitia njia ya haja) ikaingia na kukutana na kinyesi tele. Nimepita humo humo. Nilidhani nimekosea saa, nikaongeza muda wa kufunga; nikaambulia panya waliopoa na kulegea, utumbo uko vile vile.

Tatizo liko ndani ya kizimba. Panya hula kinyesi chake, na njaa ikimbana hutafuna hata maranda anayolalia. Ukiamua kumfungisha, mhamishie kizimba kisafi chenye sakafu ya wavu na umwachie maji. Ila usizidishe: mnyama wa gramu 20 na kitu sukari yake hushuka upesi. Na hofu ya kutapika akiwa kwenye nusukaputi isikusumbue, panya hana uwezo wa kutapika.

Siku hizi mimi namaliza kazi mezani. Akishalala, juu ya pedi ya joto, napaka mrija laini kilainishi, naingiza maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yenye joto la mwili, kidogo kidogo kwa bomba la sindano, nayaacha yatoke na vidonge vya kinyesi. Narudia hadi yatoke meupe. Kwa panya unaangalia sentimita 3 au 4 za mwisho tu, sasa tumbo zima unalisafishia nini? Maji yakigoma kurudi, acha, usisukume. Utumbo wenye kolaitisi (uvimbe wa utumbo mpana) hutoboka kirahisi. Wa panya wangu mmoja ulitoboka kwa sababu ya haraka yangu.

Dawa ya kuharisha ya PEG (polyethylene glycol) inasafisha kweli, lakini inavuruga ute na bakteria wa utumbo. Kama hivyo viwili ndivyo unavyovichunguza, umeshajiharibia data kabla ya kuwasha kamera. Ukilazimika kuitumia, kundi la kulinganishia nalo lipewe. Kisha wapime uzito na uangalie ulaini wa choo kabla ya maandalizi yoyote. Ukipima baadaye, kupungua kwa gramu na kuhara utavihesabu kuwa ugonjwa. Hili limewaponza wengi kuliko kinyesi chenyewe.

Nguruwe ni habari nyingine: utumbo mrefu, huko kufunga na PEG havikwepeki. Waondolee nyasi za kulalia, watazila.

Panya akiamka tu, mrudishie chakula.