Viganja vinawaka tangu nianze vidonge vya kemo

Dada, viganja na nyayo kuwaka na kubambuka ni kawaida kwa wanaotumia capecitabine, dawa ya saratani ya kumeza kama hiyo yako. Lakini usijikaze kisabuni: mpigie daktari kabla ya kumeza dozi nyingine, huenda akaipunguza au akaisimamisha kwa muda. Paka krimu ya yurea ya asilimia 10 pasipo na kidonda, oga maji ya uvuguvugu, vaa viatu laini, na jua la Mombasa la saa sita likwepe.

Kuhusu kuchorwa piko (ile rangi nyeusi ya mikono) kwa harusi ya nduguyo, iache kabisa. Ina kemikali inayobabua hata ngozi yenye afya (mabibi harusi wanajua).

Homa ikifika nyuzi 38, usiizime kwa Panadol ukingoje asubuhi. Nenda hospitali usiku huohuo.