Gari moja, majina matatu: namba za zimamoto wa msituni Marekani

Mkuu, umeuliza kwa nini kwenye video za moto wa California gari lina namba ubavuni, nyingine juu ya paa, halafu mtangazaji anasema "aina ya 3", kama kuna mpangilio au kila mtu anajiandikia. Nimekula moshi misimu miwili Oregon kwenye gari la kampuni binafsi ya kukodishwa, mimi nikiwa mshika mpira wa maji. Mpangilio upo, ila gari moja linabeba majina matatu, na ukiyachanganya utalia.

Jina la kwanza ni aina. Hilo halisemi gari ni la nani, linasema linaweza nini. Zipo 1 mpaka 7. Aina ya 1 na 2 ni yale makubwa ya mjini, ya kulinda nyumba. Kuanzia 3 ndiyo ya porini. Aina ya 3 lazima iwe na galoni 500 za maji na watu wasiopungua watatu. Usidhani namba ikipanda maji yanapungua moja kwa moja, maana aina ya 4 inabeba galoni 750. Letu lilikuwa aina ya 6, yaani pikapu nene yenye tanki mgongoni. Kiwango cha chini ni galoni 150, kama lita 570. Ukifungua mpira kizembe, zinaisha hujamaliza hata kisiki kimoja.

La pili ni jina la nyumbani, yaani la idara yenye gari. Forest Service, idara ya misitu ya serikali kuu, magari yao ni ya kijani, BLM, idara ya ardhi ya serikali kuu, manjano, CAL FIRE, zimamoto ya jimbo la California, mekundu. Kwa CAL FIRE namba ina tarakimu nne, na mbili za mwanzo zinakwambia linatoka wapi: 31 ni Riverside, 33 ni San Diego. Vikosi vya miguu, watu 18 hadi 20 na majembe yao, hasa wale Hotshot ambao ndio aina ya 1 ya vikosi (vikosi navyo vina aina zake, si zile za magari), vinaitwa kwa jina la kwao na hilo ndilo linalotumika redioni.

La tatu ndilo lililonitesa: namba ya oda. Wasimamizi wa moto wakiomba gari, ombi linapewa herufi E na namba. Kikosi ni C, ndege A, mtu mmoja mmoja O. Hiyo inakwenda pamoja na namba ya moto wenyewe, inayoanza na jimbo na msitu, mfano OR-DEF, yaani msitu wa Deschutes, Oregon. Kila karatasi ya zamu inabeba namba hizo. Siku ya kwanza kuachiwa kalamu, macho mekundu na saa kumi na sita mgongoni, nikaandika E-17 badala ya E-71. E-17 lilikuwa gari la watu wengine kabisa! Karatasi ikarudi, malipo ya zamu ile yakachelewa, na bosi alininunia mpaka tunafunga msimu.

Ukifika kwenye moto, mezani pa kujiandikisha utakuta ubao wa kadi zenye umbo la T. Magari kadi ya waridi, vikosi kijani, helikopta buluu, tingatinga manjano. Ukisimama mbali unaona moto una nini. Magari matano ya aina moja chini ya kiongozi mmoja yanakuwa timu yenye namba yake, na huko California herufi ya mwisho ya namba hiyo inataja aina: hapa C si kikosi, ni aina ya 3.

Yote haya chanzo chake ni California, mwaka 1970. Ndani ya siku 13 walikufa watu 16 na majengo kama 700 yakateketea, huku idara zilizokuja kusaidiana kila moja ikiwa na msamiati wake. Ndipo wakakaa chini kutengeneza lugha moja. Mfano mzuri ni boza. Sisi tungesema tanka, basi. Kule ukisema tanka redioni wanaangalia juu, maana tanka ni ndege ya kumwaga dawa ya kuzuia moto. La ardhini lina jina lake, tenda. Niliwahi kuomba tanka lije kutujazia maji, nikasikia kicheko redio nzima.

Na ile namba kubwa ya kwenye paa uliyoiona imeandikwa isomwe na rubani. Moshi ukitanda, huko juu haoni mlango wako.